Nyumba Iliyopigwa Mpaka Ikawa Rahisi

Bi Mize alipokufa mwezi uliopita, watoto wa kaka yake walinipigia simu kunipa habari ya msiba, na papo hapo wakanitaka nifike Konde niwatilie bei nyumba yake. Nilikwenda. Nikala wali wa hitma, nikaomba dua, kisha nikavua viatu nikapita chumba kwa chumba kama nilivyozoea kupita vyumba vya watu maisha yangu yote, nikawatajia. Wakatazamana. Mmoja wao, kijana msomi anayevaa saa kubwa, akaniuliza kwa adabu kama sijakosea, kwani amesikia shangazi yake aliinunua kwa bei ya kutupa. Nikamwambia bei hiyo haikujitupa yenyewe, ilitupwa kwa mapigo na damu, na akitaka kujua akae nimsimulie. Akasema atakaa siku nyengine. Vijana hawa wanataka jibu, hadithi ya jibu hawana nafasi nayo. Basi naiandika, maana nikifa na mimi watabaki kusema Bi Mize alibahatika, na neno hilo nikilisikia damu hunichemka.

Mwaka ule ndio kwanza nimeolewa na Kombo, dalali wa nyumba na mashamba, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na ukaidi wa punda. Hina haijanitoka miguuni, akaanza kunichukua kazini. Haikuwa mapenzi, msinidhanie. Udalali wa Pemba una mlango mmoja ambao mwanamme hapiti. Ataonyeshwa baraza, ataonyeshwa ukumbi, atazungushwa nje ahesabu bati, lakini vyumba vya ndani, jiko na uwani kuna wanawake wa watu, na dalali asiyeona jiko anakisia. Kombo alikisia miaka mingi, akala hasara na lawama. Aliponioa akanambia kwa furaha kubwa: "Wa nje miye, wa ndani weye." Nikawa naingia na kanga yangu, napokewa kwa chai, naulizwa habari za ndoa, na huku jicho langu liko juu ya dari linatafuta doa la maji. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mdomo mwepesi, na kazi ile ilinipendeza kuliko nilivyokubali kusema.

Namna ya kutia bei nilifundishwa jikoni kwetu, Kombo akiwa na bakuli la muhogo wa nazi mapajani. Kwanza, alisema, nyumba yenyewe usiitazame. Nenda ukajue nyumba ya mwisho kuuzwa mtaa ule imetoka kwa ngapi, na usimuulize aliyeuza, maana huongeza, wala aliyenunua, maana hupunguza. Muulize shahidi. Ukishaipata bei hiyo ndiyo fimbo yako ya kupimia. Ndipo uje kwenye nyumba: iko karibu na barabara, panda, kisima chake chenyewe, panda, mawe na chokaa, panda, udongo, shuka. Miti iweke mbali, kwa sababu kwetu kiwanja kinaweza kuwa cha huyu na mkarafuu uliosimama juu yake ukawa wa yule, na dalali anayeuza mti wa mtu huuzwa yeye. Kisha anza kutoa: mlango mbovu unatoa kiasi hiki, bati lililooza kiasi hiki, ukuta wenye ufa kiasi hiki. Mwenye nyumba atakulilia kwamba aliijenga kwa jasho. Mwache alie. Nyumba haiulizwi ilikula nini, inaulizwa imesimamaje leo.

Bi Mize alikuwa mjane mbichi tulipoitwa. Bwana wake alikufa ghafla, hawakuwa na mtoto, na kwa mirathi robo ya nyumba ikawa yake, robo tatu za ndugu wa marehemu. Ndugu hao walikuwa watatu, lakini aliyesema alikuwa mmoja, mkubwa wao, Shaame. Wadogo zake walikuwa wakimtazama usoni kabla ya kujibu hata salamu. Alitaka nyumba iuzwe, na mnunuzi alikwisha kumpata: mfanyabiashara wa Wete aliyetaka kumweka mke wake wa pili mbali na macho ya wa kwanza. Kilichobaki ni bei. Siku ile Kombo alibaki na Shaame barazani, mimi nikapita ndani, kwa sababu Bi Mize alikuwa kwenye eda na mwanamme asiye maharimu wake hakuwa na ruhusa ya kumwona.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka katika chumba cha kati, mwanamke wa makamo, mwembamba, kanga nyeupe kichwani. Alinipa ndizi mbichi zilizopikwa kwa papa, akanitania kuwa bi harusi gani anazurura nyumba za matanga. Nilipenda nyumba ile kabla sijaimaliza. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta mpaka unajiona, madirisha yanayopokea upepo, jiko la mawe uwani lililoshikana na chumba cha kulala kwa ukuta mmoja mnene. Tulikuwa tunakula tukamsikia Shaame kwa nje, ukuta wa barazani ulikuwa na tundu za hewa. Kombo alikuwa akimweleza kwamba Bi Mize ni mshirika, na mshirika ana shufaa: akiifikia bei ileile aliyotajiwa mgeni, mgeni anakaa kando. Shaame akasema basi itajwe bei ambayo hataifikia. Kombo akasema bei haitajwi kwa ajili ya mtu. Kisha Shaame akasema bila kupandisha sauti: "Yakhe, nke huyu atatoka nyumba hino. Akitoka kwa miguu, akitoka kwa jeneza, ni shauri yake."

Bi Mize aliendelea kunichambulia papa miba. Mimi nikaweka tonge chini. Akaniuliza Kombo atataja ngapi. Nikamwambia kwa nilivyoiona haitapungua milioni saba. Akahesabu: bangili za mahari yake, mbuzi, kaka yake wa Shumba angeuza nini, na robo yake itolewe humo. Akasema jumla yake hata milioni tatu haifiki. Hakulia. Alisema alikuja nyumba ile akiwa mwari, hana kwengine anakokujua gizani, na angepewa tu nafasi ya kufia humo asingetaka zaidi. Kombo akataja saba. Ilikuwa bei ya haki, na haki ile ndiyo iliyokuwa inamtoa nje.

Saba hiyo Shaame hakuridhika nayo, alitaka kumi, na kwa hasira alilipiga teke birika la kahawa la jirani barazani, likamwagikia mtoto mguuni. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mkewe tulimwona mara mbili tatu akimletea Bi Mize uji kwa siri, mdomo umevimba, na akiulizwa akisema ameanguka kisimani. Kisima gani hicho kinachopiga mtu kila wiki. Watu wa mtaa walimwogopa, na wanaume waliomkuta njiani walimwamkia kwa heshima kubwa, heshima ile anayopewa mbwa aliyeshika mlango. Mpaka leo siwezi kuwasamehe wote, ingawa wengine ni wazee sasa na hunikaribisha chai.

Ijumaa moja nilikwenda na chukuchuku, mchuzi wa samaki changu, Kombo akaelekea msikitini. Wanaume wote walikuwa msikitini, mtaa umenyamaza, unasikia hotuba ya khatibu kwa mbali. Tumekaa ukumbini, sahani ya wali katikati yetu, mlango wa mbele ukapigwa shoka. Pigo la kwanza nilidhani mti umeanguka. La tatu bawaba zikatoka, na Shaame akasimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa. Alisema amekuja kuchukua mlango wa ndugu yake. Bi Mize alijitupia buibui kichwani, akaenda akaushika mlango ule uliolegea kwa mikono miwili, akamwambia, "Shemegi, ngoja eda yangu ishe." Shaame aling'oa komeo la chuma lililokuwa linaning'inia, akampiga nalo usoni. Nilisikia mfupa. Damu iliruka mpaka kwenye wali.

Nilichokifanya sikukifikiri na sijutii. Kulikuwa na mchi wa kinu umeegemea ukuta; niliunyanyua nikampiga nao gotini kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, akapiga yowe, akaanguka, akanivuta na mimi chini. Alinikaba. Nakumbuka vidole vyake vilikuwa vinanuka udi. Nilimng'ata mkono nikaacha alama za meno humo, akanigonga kichwa sakafuni, ile sakafu nyekundu niliyoipenda, nikaanza kuona giza. Wanawake wa jirani ndio walioniokoa. Waliingia na miko, na mbao za mbuzi za kukunia nazi, na mmoja na sufuria ya uji unaochemka, akammiminia mgongoni kwa utulivu kama anayemwagia maua. Shaame alitoka anachechemea na kanzu imemgandia. Mlango akauacha.

Msaidizi wa daktari, mwanamke, aliletwa nyumbani. Alisema jicho la kushoto lililopigwa na komeo halitapona na Bi Mize apelekwe hospitali. Shehe wa mtaa akatuma salamu kwamba dharura inamruhusu mwenye eda kutoka. Bi Mize, kitambaa kimelowa usoni, akakataa. Alisema dini anaijua na shehe kasema kweli, lakini yeye akitoka leo, jioni atakuta kufuli. Sote tulijua hivyo ndivyo itakavyokuwa. Jicho likafa humo ndani ya nyumba, na maumivu yake aliyasikia kila aliyepita dirishani kwa siku nyingi.

Shaame alikamatwa, akakaa ndani kidogo, ndugu zake wakaenda kumwombea wakisema ni mambo ya kifamilia. Alirudi mbaya zaidi. Masika ilikuwa imeshaanza. Akaja mchana kweupe na wadogo zake na ngazi, akapanda juu, akaanza kung'oa bati. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, alipomkabili, alijibu kutoka juu kwamba robo tatu za nyumba ni zao, basi na bati zao wanazichukua. Na kweli aliacha robo. Alizihesabu, Mungu wangu, akaacha robo ya bati juu ya chumba cha Bi Mize, nyingine zote akazitupa chini zikilia juu ya mawe, na watu wengine wakacheka. Niliwasikia wakicheka. Usiku ule ilinyesha mvua ya kuzimu, asubuhi nikamkuta Bi Mize amekaa juu ya kitanda, maji yanapita chini yake kama mto, mkeka na majungu yanaelea ukumbini.

Mnunuzi wa Wete alikuja kuangalia, na mkewe wa pili nyuma yake. Bibi huyo alitazama sakafu, akauliza lile doa la nini. Akaambiwa. Akasema yeye hatii mguu kwenye nyumba iliyomwagwa damu ya mjane ndani ya eda yake, na bwana akitaka amwache leoleo. Wakaondoka. Kombo alirudi nyumbani akala, halafu akanambia nyumba haiulizwi ilikula nini. Nikamwelewa. Nilipokwenda kesho yake nilizunguka upya na kutoa: mlango, bati, dari, saruji iliyoanza kutuna kwa maji, jina baya. Nikamwambia Bi Mize kwamba saba imekuwa nne na nusu, na zilizopungua Shaame mwenyewe ndiye aliyezitoa. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiri kwa furaha, jicho moja likimetameta. Bado hakuifikia. Kaka yake alikwisha kuuza kila alichokuwa nacho.

Tulikuwa jikoni, mahali pekee palipokuwa na moto, tunapasha mikono. Akaniuliza mambo mengi siku ile, taratibu, kama mtu anayejifunza mapishi. Dirisha linatoa kiasi gani. Sakafu ikipasuka je. Nilimjibu bila kufikiri, kwa majivuno ya mwanafunzi anayeulizwa. Kisha akauwekea kiganja ukuta ule mnene ulioshika jiko na chumba chake, akauliza: "Na uno, mwanangu, ukianguka?"

Nikamwambia huo ndio unaobeba kenchi za paa la nyuma. Ukianguka, chumba kinapasuka na jiko halipo tena. Hakuna dalali atakayetaja zaidi ya mbili na kitu. Akaitikia kwa kichwa. Akaniongeza chai.

Nilirudi baada ya mvua mbili kubwa. Ukuta ulikuwa chini. Mawe yamelala juu ya majivu, kenchi zimeshuka, ufa umepanda chumba chote mpaka dirishani. Mchi ulikuwa umeegemea mahali pake, kichwa chake cheupe kwa chokaa, na viganja vya Bi Mize vilikuwa vimechubuka na kutoa maji. Alinitazama kwa jicho lake moja. Mimi nilimtazama pia. Nilimwosha mikono kwa maji ya chumvi, nikamfunga vitambaa, alipokuwa ananing'ang'ania bega kwa maumivu. Nikatoka nje nikamwambia Kombo: ukuta wa jikoni umeanguka. Kila mtu mtaani alimlaani Shaame, kwa bati alizoziondoa na mvua aliyoiingiza, na mimi nikawalaanisha zaidi. Ukuta umeanguka, na nilisema umeanguka.

Bei ilitajwa barazani kwa Sheha, eda ikiwa inakaribia kwisha. Kaka yake Bi Mize alikaa upande mmoja, Shaame na wadogo zake upande wa pili, mimi na wanawake nyuma ya pazia. Kombo alieleza kimoja kimoja, kwa sauti yake ya upole, kipi kimepunguza nini, na kila alipotaja, watu waligeuza nyuso kumtazama Shaame. Alipofika kwenye ukuta Shaame alisema hakuugusa. Watu wakaguna. Akarudia kwamba hakuugusa, safari hii sauti ilimkatika, na hakuna aliyemwamini. Kombo akataja milioni mbili na laki mbili. Shaame aliruka akampiga Kombo kichwa cha uso, pua ikavunjika kwa mlio, na pua hiyo mpaka leo imepinda, mimi humtania kwamba inaangalia Konde. Akamkalia kifuani akimpiga. Nilitoka nyuma ya pazia, na ningeua mtu, lakini wadogo zake walinitangulia. Labda ilikuwa aibu, labda uchovu wa miaka. Walimvuta kaka yao, wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia shingoni, na kwa mara ya kwanza yule mdogo kabisa alizungumza bila kumtazama usoni. Alisema wanauza. Bangili, mbuzi na jasho la Shumba vikawekwa juu ya mkeka, na robo yake Bi Mize ikatolewa humo. Shaame alikuwa bado chini, mashavu kwenye vumbi, analia kama ndama.

Eda ilipokwisha nilikwenda kumtoa. Nilimletea kanga mpya na udi, nikataraji tutacheka, maana tumemshinda mtu ambaye mtaa mzima haukumweza. Alioga, akavaa, akatoka mlango wa mbele uliokuwa bado umeng'oka. Akaizunguka nyumba yake kwa nje, mkono ukiparaza kuta, kama mtu anayemkagua mgonjwa. Alipofika nyuma, kwenye mawe ya jiko, akakaa juu yake na akalia, kilio ambacho sikumsikia akikitoa kwa mumewe wala kwa jicho lake. Nilijikalisha pembeni yake. Nikamwambia kwamba bila ya kufanya alivyofanya wangemtoa. Nikamwambia nyumba ni yake sasa, ukuta utajengwa.

"Najua, mwanangu," alisema. "Lakini uno walijenga wenyewe, marehemu na Shaame, mwaka n'lioolewa. Walishindana nani ataweka jiwe kubwa. Shaame kaja na shoka, kaja na ngazi, kavunja kila kitu, na ukuta uno kaupita kila siku asiuguse."

Akaokota jiwe moja, akalifuta chokaa kwa ncha ya kanga mpya, akaliweka mapajani.